Mnoa Vyuma

Kocha huinoa timu. Mimi, Vendelín, nanoa vyuma tu,
katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya bafu la wageni,
na huu ni mwaka wa thelathini mkono wangu wa kuume
unanuka chuma hata siku ya Krismasi.

Lyle Friesen ndiye hutangulia kufika.
Kwenye karatasi ana miaka thelathini na tisa;
magoti yake hayajui kusoma.
Huketi juu ya ndoo ya rangi, hunipa viatu vyake
kama mzazi anayeacha watoto shuleni,
kisha hunywa chai yangu bila kuomba.

Huko kwao, ng'ambo, aliigusa ligi kubwa:
mechi kumi na moja.
Nimezitafuta mwenyewe, yeye hazitaji.
Kisha Graz, kisha Riga, kisha msimu mmoja karibu na Milano
ambako kibarua kiliota nyasi kabla ya Pasaka
(nyasi, hata penye barafu),
na sasa sisi hapa Kežmarok, daraja la pili, chini ya milima ya Tatra,
nusu mshahara na chumba kwa Bi Hedviga
anayemkataza kukaanga vitunguu baada ya saa tatu usiku.

Jukwaani wanamwita Babu.
Wanamwimbia Babu akikosa, wanamwimbia Babu akifunga,
wimbo ni uleule, sauti ndiyo hubadilika.

Nilimuuliza mara moja: mbona hutundiki viatu?
Akapuliza chai.
"Msumari wangu uko Estevan," akasema,
"kwenye banda la baba.
Na banda tuliliuza."

Saa sita usiku kwetu, kwao saa kumi na moja jioni,
binti yake humpigia simu. Brynn, miaka saba.
Juzi, kwenye basi la kurudi kutoka Žilina,
wenzake wamelala vinywa wazi,
nilimwona anavua jino lake la bandia, analiweka kiganjani,
na yule mtoto upande wa pili anafungua mdomo wake:
pengo kwa pengo,
wakichekana kimyakimya wasimwamshe kocha.

Usidhani hajui kazi.
Gajdoš ana miaka kumi na minane na mapafu ya farasi,
anakifukuza kisahani pembe zote nne.
Lyle hafukuzi. Lyle anasogea hatua mbili
na kusimama mahali patupu,
kama mtu ajuaye basi litapita saa ngapi,
na kisahani kinakuja.
Zamani alifika kabla yake. Siku hizi wanafika pamoja.

Jumanne alianguka.
Hakuguswa na mtu.
Kuteleza si kuanguka, wahenga wamesema,
lakini hawa wetu kuteleza ndiyo ajira yao,
kwa hiyo ukumbi mzima ulijua tofauti.
Hata ngoma ilinyamaza.
Akainuka kwa mkono mmoja, akageuza mguu,
akatazama chuma. Kisha akanitazama mimi.

Leo nimekipima.
Kila ninapokipa makali nakipunguzia mwili,
ndiyo siri chafu ya kazi yangu: makali hutoka kwenye chuma chenyewe.
Kimebaki chembamba kama ukucha.
Vipya nimeagiza. Vitafika Machi.
Mkataba wake unaisha Machi.

Nikawasha mashine.
Nikapitisha kiatu kando ya jiwe, upana wa unywele,
bila kugusa. Mlio ulikuwepo,
cheche hazikuwepo.
Nyuma yangu kikombe kikatua polepole juu ya saruji.

Akapokea viatu. Akapitisha kidole gumba
taratibu, kisigino hadi ncha.
"Safi," akasema,
akanirudishia kikombe, akiwa amekisuuza,
jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Alhamisi tuko ugenini. Basi linaondoka saa nne.
Nimemwekea kiti cha mbele, cha kunyoosha goti.